Waya Dorina Alipoyakataa Maji

Mwaka jana nilikwenda kuangalia nyumba ya kupanga mjini Migori. Mwenye nyumba, mama mmoja mchangamfu, alifungua mlango, na kabla sijavuka kizingiti harufu ikanipokea. Ni harufu kali na nzito, kama mkojo uliokaukia kwenye gunia, imechanganyika na vumbi na kitu kingine kitamukitamu kinachong'ang'ania kooni. Nikatazama juu. Dari ilikuwa na madoa ya kahawia yaliyotandaa kutoka kona hadi kona.

"Ni popo tu, mama," akasema yule mama. "Hawana shida. Hata wanatusaidia kula mbu."

Nilimshukuru nikatoka. Alinifuata hadi barabarani akidhani sijapenda rangi ya ukuta, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Wengi wa rika langu mliokulia upande ule wa ziwa mnaijua harufu hiyo. Madarasa yetu yalikuwa nayo, zahanati zetu, makanisa yetu. Popote palipokuwa na bati juu na dari ya mbao chini yake, popo waliishi katikati, na sisi tuliishi chini yao, hakuna aliyemuuliza mwenzake habari. Kwangu mimi, hata hivyo, ni harufu ya mtu mmoja. Ni harufu ya Waya Dorina.

Waya, kwa Kiluo, ni shangazi, dada yake baba. Waya Dorina alikuwa ameolewa kisiwani Takawiri, na mumewe alipofariki akakataa kurithiwa na shemeji yake. Akapanda mashua na binti yake Akoth na sanduku moja la mbao, akarudi kwa kaka yake, nyumbani kwetu, kijiji kilicho kati ya Magunga na Kisegi. Mwanamke aliyeolewa kisha akarudi kwao huitwa migogo, na jina hilo halitamkwi kwa wema. Wanawake kisimani walilisema kwa sauti ya kutosha alisikie. Yeye akiwasikia alipiga mluzi. Alikuwa na mwanya mpana kati ya meno ya mbele, na mluzi ulimtoka kama wa mchungaji wa ng'ombe. Mwanamke hapigi mluzi, kila mtu alijua hivyo, naye pia alijua.

Sitaki mumwone baba yangu vibaya tangu mwanzo. Baba alikuwa fundi wa cherehani pale sokoni, na mzee wa kanisa, na alipoambiwa kwamba migogo huleta mkosi kwenye boma la kaka yake, alijibu, "Dada yangu atakula ninachokula." Akamjengea nyumba ndogo karibu na lango. Akoth akawa analala nami kwenye mkeka mmoja. Tulikuwa umri mmoja, na baada ya muda watu walituita kwa pamoja, kana kwamba jina letu ni moja: Awino-na-Akoth.

Waya alikuwa mtu wa maji. Waliokulia bara waliliogopa ziwa, lakini yeye aliingia humo kama mtu anayeingia chumbani kwake. Alituogesha kwa nguvu, akitusugua visigino kwa jiwe mpaka tukapiga kelele. Alitufundisha kuogelea kwa kutushika tumboni halafu kutuachilia bila kutuambia. Akisha kutufulia nguo alikuwa akiogelea peke yake, mbali, hadi kichwa chake kikawa kama kibuyu kinachoelea. Sisi tulikaa juu ya miamba tukimgombania: Akoth akisema ni mama yake, mimi nikisema ni waya wangu.

Kanisani kwetu popo walikuwa wengi kuliko waumini. Mchungaji alipenda kunyoosha kidole juu na kusema, "Watakatifu wako juu yetu! Wanatusikiliza!" na papo hapo, kutoka darini, tungesikia mlio mwembamba na mikwaruzo. Mimi niliamini hao ndio watakatifu. Niliamini wakati wote wa utoto wangu wa mwanzo kwamba waliokufa wakiwa wema hukaa pale, wamebanana, wakinong'ona juu yetu, na kwamba ile harufu ndiyo harufu ya mbinguni. Nilimweleza Akoth. Akasema basi baba yake yuko mle ndani. Tukawa tunakaa chini ya doa kubwa kuliko yote, na mara nyingine kinyesi kidogo cheusi kilimwangukia Akoth kichwani, naye hakukipangusa.

Kisha ukaja mkutano wa kambi, wakati ambapo makanisa ya jirani yote yangekutana kwetu. Ijumaa moja wanawake waliitwa kusafisha kanisa. Dari upande wa mimbari ilikuwa imebonyea kwa uzito wa kinyesi. Hakuna aliyetaka kupanda. Waya Dorina akajifunga leso kiunoni, akaegemeza ngazi, akapanda, akabandua ubao. Kilichomwagika kilikuwa kama mtama mweusi, makarai na makarai. Sisi watoto tulikibeba kwa mikono mitupu hadi bustani ya sukuma wiki. Tulikohoa, tukacheka, tukarushiana.

Tuliporudi, kulikuwa na kitu sakafuni karibu na mimbari. Kilitambaa kwa viwiko, mbawa zimekunjwa kama mwavuli uliovunjika, mdomo wazi. Ilikuwa mchana kweupe. Sasa najua kwamba popo mzima wa afya hakai chini mchana akisubiri kukanyagwa. Wakati ule nilichojua ni kwamba huyu ndiye mtakatifu, na alikuwa na meno. Uso wake ulikuwa kama wa mbwa mdogo aliyekasirika. Sijawahi kukata tamaa vile maishani.

Akoth aliinua mguu amponde.

"Mwache," Waya akasema. "Ni kiumbe cha Mungu. Amepotea njia tu."

Akainama, akamchukua kwa mkono ampeleke nje. Tukamsikia, "Ai! Huyu ana meno!" Akamtupa dirishani, akatuonyesha shina la dole gumba lake. Palikuwa na vitone viwili vya damu, kama umechomwa na sindano ya cherehani. Akanyonya kidole, akatema, akajipangusa kwenye leso, akapanda tena ngazi akipiga mluzi.

Jioni, wakati wa chakula, nilimwambia baba, "Popo amemuuma Waya."

"Na yeye amemuuma popo?" baba akauliza.

Tulicheka sote. Waya alicheka kuliko wote, hadi akalazimika kuweka chini tonge lake. Mama akaleta maji ya kunawa, na habari ya popo ikaishia hapo.

Kambi ikaja, ikapita. Mahindi yaliyokuwa yamechomoza tu wakati ule yalikuwa yamefika kiunoni Waya alipoanza kukwaruza kile kidole. Alikwaruza kwa gunzi la mahindi. "Kuna siafu ndani ya mkono wangu," alisema, akicheka bado. Kidonda chenyewe kilikuwa kimepona zamani, hata alama usingeiona. Siafu wakapanda hadi kiwiko. Kisha kichwa, kisha homa. Baba akaleta dawa za malaria kutoka dukani, kama ambavyo nyumba yoyote ingefanya. Akazimeza. Homa haikuondoka.

Asubuhi moja nilikuwa nikifagia uwanja, nikamwona ametoka nje na beseni ili anawe uso. Alitia mikono. Akaruka nyuma kana kwamba yale maji yamemshika. Alisimama akitazama beseni, kifua kikipanda na kushuka, kisha akaliinua kwa mikono iliyonyooka, uso ameugeuzia pembeni, akayamwaga. Aliponiona nimemwangalia, alijaribu kutabasamu.

Siku hiyo hakunywa uji. Wala chai. Alisema koo linajifunga. Akasema ana kiu, kiu ya kufa, lakini koo linajifunga.

Mimi na Akoth tulikaa nyuma ya nyumba tukashauriana kama watu wazima. Tukaamua kwamba shida ni maji. Siku hizo tulikuwa wavivu wa kwenda mbali, tulichota ufuoni pale pale ng'ombe wanapokunywa, na Waya alikuwa ametukataza. Basi ameonja, amejua, na amekataa. Hivyo ndivyo tulivyofikiri. Tukachukua kibuyu tukaenda hadi shuleni kuomba maji ya mvua kwenye tangi la walimu. Tulimsihi mwalimu wa zamu mpaka akatufungulia bomba. Tulirudi polepole tusimwage hata tone. Akoth akachukua kikombe cha bati cha bluu, kile cha wageni, akakijaza, tukaingia wote wawili.

Waya alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani.

"Ya wapi?" akauliza.

"Ya tangi la shule, mama," Akoth akasema. "Ni safi. Hatukuchota kwa ng'ombe."

"Najua ni safi, nyathina," akasema, yaani mtoto wangu. "Leteni."

Alitaka kuyanywa kwa ajili yetu, niliona. Alikipokea kikombe, akakisogeza, na kabla kikombe hakijafika mdomoni shingo yake ikakakamaa, mishipa ikasimama kama kamba, sauti ikamtoka ambayo sijui kuiandika. Kikombe kikaanguka. Maji yakaenea sakafuni, naye akakunja miguu juu ya kitanda, akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka hapakuwa na mahali pa kurudi. Hali ile ilipopita alikuwa akilia.

"Si maji yenu," alisema. "Sikilizeni. Si maji yenu."

Kulipokucha baba alimpeleka hospitali mjini Homa Bay kwa pikapu ya mchuuzi wa samaki. Mimi nilichukuliwa kubeba chakula na kumwangalia Waya wakati baba akienda huku na kule. Akoth aliachwa na mama. Tuliketi nyuma kati ya masanduku ya barafu. Gari lilipoanza kwenda, upepo ulipompiga Waya usoni, koo likafunga tena, akapiga mikono hewani kama mtu anayezama. Baba akamfunika kichwa kwa koti lake. Mchuuzi, aliyekuwa ameketi nasi, akasogea pembeni.

"Huyu ana vitu vya ziwa," akamwambia baba. "Maji hataki, upepo hataki. Hospitali mnaenda kufanya nini?"

Baba aliendelea kulishikilia lile koti. Lakini nilimwona amesikia.

Daktari alikuwa kijana, mgeni kwetu, akazungumza nasi kwa Kiswahili. Alimpima Waya macho, akampima joto, akamletea maji kwenye glasi akaona yaliyotokea. Akaweka glasi chini taratibu. Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo nimelibeba tangu siku ile.

"Mzee, huyu mama aliumwa na mbwa?"

"Hapana, daktari."

"Hata zamani kidogo? Miezi iliyopita? Mbwa wa jirani?"

"Hapana. Sisi hatuna mbwa. Jirani pia hana."

"Paka? Mnyama yeyote?"

"Hakuna mnyama."

Na baba hakusema uwongo. Kwake popo hakuwa mnyama. Popo alikuwa kitu cha darini, kama buibui.

Mimi nikasema, "Ni popo. Popo alimuuma hapa." Nikaonyesha kidole changu mwenyewe.

Nilisema kwa Kiswahili, daktari asikie. Sikunong'ona. Watu wazima wote wawili walinitazama. Baba akanibana bega, si kwa nguvu, kama unavyombana mtoto anayeongea kanisani. Daktari akatabasamu, tabasamu la uchovu na upole.

"Popo hula mbu na matunda, msichana," akasema. "Hawali watu."

Akaandika malaria ya kichwani. Wakamlaza. Waya akachomwa sindano ya usingizi, na alipoamka mate yalikuwa yakimtoka asiweze kuyameza, akawa anatema ndani ya leso, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kulalamika. Muuguzi akamwambia baba kwamba wadi ile si ya watu wa aina hiyo. Ajaribu hospitali ya wagonjwa wa akili, au amrudishe nyumbani atulie. Baba akamrudisha nyumbani.

Nimeyafikiri haya mara nyingi, na nitasema nilichojifunza ili nisimwonee mtu. Siku ile tulipofika kwa daktari yule tulikuwa tumechelewa. Hata angenisikia, hata angenipigia makofi, asingemponya. Ugonjwa huo ukishafika kwenye koo hauna dawa, wakati ule wala leo. Siku ya kumponya ilikuwa ile Ijumaa ya kusafisha kanisa. Sabuni na maji mengi kwenye vile vitone viwili, na sindano za kinga mapema. Lakini angenisikia, ugonjwa ungepata jina. Na ungekuwa na jina, yasingefuata yaliyofuata.

Mchungaji alikuja. Wanawake wa kanisa wakaja. Wakakubaliana kwamba Waya amebeba pepo kutoka kisiwani, pepo la mume ambaye mjane wake hakurithiwa, na kwamba pepo hilo linaogopa maji kwa sababu maji ni ubatizo. Yote yalikaa mahali pake vizuri sana. Ukisikiliza ungesema kweli. Baba aliuliza kama hakuna njia nyingine. Mchungaji akamwambia, "Mzee wa kanisa, imani yako ndiyo inayopimwa hapa."

Jumamosi, Sabato yetu, baada ya ibada walimleta Waya mbele, pale pale karibu na mimbari. Wanawake wanne wakamshika. Mabeseni ya maji yalikuwa yamepangwa na kuombewa. Akoth alikuwa amenishika mkono, kucha zake zimezama kwenye kiganja changu. Juu yetu, darini, walikuwa wakilia kama kawaida.

Watu wengi hawajui jambo hili, na wangelijua pengine wasingeweza kulala: Waya alikuwa na akili zake timamu. Hali ile ilimjia na kuondoka, na ikiondoka alikuwa yule yule. Alimtafuta baba kwa macho katikati ya watu, akampata.

"Ndugu yangu," akasema. "Fanya lolote. Nichape ukitaka. Lakini maji hapana."

"Si wewe unayesema," baba akamwambia, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Dorina, najua si wewe."

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi Dorina."

Baba akainua beseni.

Sitaandika kilichotokea kwenye mwili wake. Nitasema tu kwamba kila alipoanguka na kukakamaa watu walipiga kelele za shangwe, wakisema linatoka, linatoka, na beseni jingine likaletwa. Akoth alikimbia mbele, mwanamke mmoja akamdaka kiunoni akamrudisha. Mimi sikukimbia, sikupiga kelele. Nilikuwa nikitazama juu. Nilikuwa nikiwauliza watakatifu, maana sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, ingawa nilikuwa nimeshauona uso wao.

Jumapili, watu wakielekea sokoni, Waya Dorina alifariki. Alikuwa ametulia tangu alfajiri, mwili umelegea, hana nguvu hata ya kugeuza kichwa. Mchungaji alisema pepo lilikuwa limeondoka tayari, kwamba alikufa akiwa safi. Baba alishika maneno hayo kwa mikono miwili.

Migogo hazikwi ndani ya boma la baba yake. Walimchimbia nje ya uzio, upande wa katani, na watoto wakakatazwa kusogea.

Baada ya hapo watu walimwogopa Akoth. Mama, ambaye hakuwa mkatili, aliukata mkeka wetu vipande viwili, kimoja ukutani huku, kingine ukutani kule. Shuleni hakuna aliyekunywa kikombe alichokunywa. Walimwita nyar jachien, binti wa shetani, na alipopita karibu na tangi la maji wavulana waliteka maji kwa viganja wakamrushia waone kama ataanguka. Hakuanguka. Alisimama akalowa huku anawatazama. Kabla ya mwaka kwisha ndugu za baba yake walikuja kumchukua kwa mashua kumrudisha Takawiri, na nyumbani kwetu watu walipumua.

Na kanisa? Kambi iliyofuata dari ilikuwa imebonyea tena. Walitutuma sisi watoto, kwa mikono mitupu. Walimwogopa Akoth, hawakuiogopa dari. Hadi leo hilo ndilo linalonichoma kuliko yote. Popo sina neno naye. Popo hakujua. Wanakula mbu kweli, wanachavusha miti, na wengi wao hawamdhuru mtu maisha yao yote. Lakini tuliishi chini ya kinyesi chao, tukawapenda au tukawapuuza, na siku mmoja wao alipougua na kumgusa mmoja wetu, kila kitu kilitafutwa ila yeye.

Nilikuwa mama wa watoto wawili nilipopata jina la ugonjwa ule. Maofisa wa mifugo walikuja kwenye baraza la chifu kuhusu chanjo ya mbwa, na kijana mmoja akaeleza kichaa cha mbwa: kidonda hupona, miezi hupita, halafu panawasha, halafu homa, halafu mgonjwa anaogopa maji na upepo, na anakufa akijitambua. Nilikuwa nimepakata mtoto. Kijana akaongeza kwamba si mbwa peke yao. Virusi vya jamii hiyo hukaa pia kwa popo, hata kama ni nadra kumfikia binadamu, na mtu asishike popo kwa mkono mtupu, hasa aliyeanguka mchana.

"Popo?" nikauliza. Nadhani nilisimama.

"Ndiyo, mama. Wengi hawajui. Mtu akiumwa na popo hata jeraha halionekani."

Nilimtafuta Akoth. Alikuwa amehamia Migori, akiuza omena sokoni. Hakuwahi kuolewa. Mara mbili wakwe walianza mazungumzo, mara mbili mtu akatoka kwetu kwenda kuwaeleza mama yake alikufaje. Nilimweleza akiwa anachambua mawe kwenye omena. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Yale maji yalimuuma?"

"Ndiyo."

Akachambua kidogo tena. Kisha akasema, "Nataka mjomba aseme. Si kwangu. Aseme mbele yao, palepale kanisani."

Nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa mzee sasa, cherehani ameshaiacha, macho yamefifia. Nilimweleza uwanjani akiwa anaota jua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwake au kwangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa yeye," akasema. "Aliposema ni yeye."

"Alikuwa yeye, baba."

Akageuza uso kutoka kwenye jua. "Ungeniacha nife bila kujua."

"Akoth anaishi, baba," nikasema. "Yeye hajafa."

Sikumpa pole. Nilingoja nione kama moyo utanisuta, haukunisuta.

Lakini alikubali. Hilo nampa. Sabato moja alisimama mbele ya kanisa akishikilia benchi, Akoth ameketi karibu nami, na akasema kwa sauti ambayo ilibidi watu wanyamaze waisikie kwamba dada yake Dorina hakuwa na pepo. Kwamba aliugua ugonjwa unaojulikana, unaotibika mapema, na aliupata kwa popo aliyemuuma akilisafisha kanisa hili. Kwamba yeye kaka yake alimmwagia maji akimsihi asimmwagie. Kisha akashindwa kuendelea, akaketi.

Nilihisi Akoth amekaza mwili wote. Halafu kutoka benchi la nyuma bibi mmoja mzee akainuka, si kwa ubaya, kwa huruma kabisa, akauliza kama mtu anayetaka kusaidia.

"Tumesikia, mzee. Ni popo. Lakini popo walikuwa wengi, na wanawake siku ile tulikuwa wengi. Huyo aliyemchagua Dorina, alitumwa na nani?"

Vichwa vikatikiswa. Mtu akasema, "Eee." Baba akainamisha uso.

Akoth akasimama. Nilidhani atapiga kelele, na ningepiga naye.

"Hakutumwa, mama," akasema. "Alikuwa mgonjwa. Kama mama yangu."

Mchungaji wa sasa, kijana, akafungua kitabu haraka akatangaza wimbo, na watu wakasimama kuimba.